Inspekteri Asiyeomba Kuku

Kila alfajiri Séraphine alisifiwa na simu, na hapakuwa na mwingine wa kumsifu.

Aliamka kabla ya kengele ya parokia, akawasha makala, na wakati maji ya chai yakijivuta kuchemka alikaa kwenye kigoda akaandika kwa Kiingereza habari za wanawake waliojifungua. Akimaliza, aligusa kialama pembeni mwa kioo, na programu ya kusahihisha Kiingereza ikayapitia maneno yake: palipokosewa pakawa pekundu, palipo sawa pakawa kijani. Alitengeneza mekundu moja baada ya jingine mpaka ukurasa wote ukawa kama shamba la maharage baada ya mvua. Hapo ndipo chini kabisa kilitokea kimstari cha kumwambia, kwa jina lake, kwamba amefanya kazi nzuri sana. Alijua ni mashine. Alijua vilevile kwamba tangu Februari ile, mji wa Bukavu ulipobadilisha wenye bunduki, hakuna mtu aliyelitamka jina lake asubuhi ndani ya nyumba ile. Basi alikisoma tena, akaweka simu chini, akanywa chai yake.

Watoto wake wawili, Gisèle na Cédric, walikuwa Kampala kwa mama yao mdogo, Carine, mdogo wake Séraphine. Waliondoka na Carine wiki ile ile barabara ilipofunguka, kila mmoja na mfuko mmoja. Séraphine alibaki. Alikuwa mkunga katika maternité, nyumba ya kuzalia, moja ya juu huko Kadutu, ambako wenzake walikuwa wameshaondoka karibu wote, na mimba haisomi communiqué za wenye bunduki. Haiulizi nani ameuteka uwanja wa ndege. Aliwaambia watoto kwamba atawafuata. Kufuata kukawa kugumu. Nyumbani aliendelea kupika bugali ya watu watatu kwa sababu mkono ulikataa kupima ya mtu mmoja, na iliyobaki aliwatupia kuku wa jirani, maana jirani mwenyewe naye alikuwa ameondoka akawaacha.

Njia ya kuwafuata ilikuwa moja. Huko Kampala palikuwa na kliniki ambapo wakimbizi wengi wa Kivu walikwenda kuzalia, na matroni wake alitafuta mkunga wa kusema Kiswahili na wagonjwa na kuandika Kiingereza kwa wenzake. Carine alimtaja dada yake. Matroni alijibu kwamba juu ya mikono ya Séraphine hana shaka, mkunga aliyezalisha Bukavu katika miaka hii hahitaji kuulizwa kuhusu mikono. Lakini zamu ikibadilika, mkunga huenda nyumbani kulala na karatasi yake ndiyo inayobaki ikisema. Alitaka kuiona karatasi hiyo. Atamsomea habari za mgonjwa mmoja kwa video, na Séraphine ataandika ripoti ya kukabidhi zamu kwa mkono, simu ikiwa imesimamishwa mbele yake, bila programu yoyote. Akifaulu, ana kazi na chumba cha kulala na watoto wake. Carine alikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga, na mume, na watoto wake mwenyewe.

“Yaya, mi sifukuze batoto,” Carine alimwambia dada yake kwa ujumbe wa sauti. “Lakini kuya, uje na kazi. Bila kazi tutalala wapi?”

Mtu akae afikirie. Mwanamke wa Bukavu hushika mimba kwa Kimashi, hulia uchungu kwa Kiswahili, huandikwa kwenye fishi ya wodi kwa Kifaransa, na siku akikimbia lazima ajieleze kwa Kiingereza. Waliotuletea Kifaransa hawakumuuliza mtu. Walipogeuza upepo uelekee Kiingereza hawakumuuliza mtu tena. Séraphine alifundishwa ukunga kwa Kifaransa, akapewa cheti cha Kifaransa, na sasa, na mvi zake, alikuwa anarudi kukaa kwenye benchi la shule.

Benchi lilikuwa katika ukumbi mdogo nyuma ya parokia, na mwalimu wake aliitwa Mushagalusa. Watu wote walimwita Prof, ingawa hakuna chuo kikuu kilichomwona. Kiingereza chake alikiokota redioni tangu ujana, tena mbele ya kambi za askari wa kulinda amani waliotoka nchi za mbali, ambao Kiingereza chao nacho kilikuwa cha kuazima. Askari walikuja, wakaonekana miaka na miaka wakipita na magari meupe, wakaenda zao. Amani hawakuiacha. Kiingereza walikiacha kwa Mushagalusa, na huyo hakukubali kipotee bure.

Ile programu ililetwa na shirika moja la wageni mwaka mmoja kabla ya Februari. Walifanya semina, wakagawa soda na fulana, wakapiga picha za bamama wakitazama simu. Walieleza kwamba kazi sasa itagawanywa: mwanafunzi ataandika, mashine itasahihisha umbo la sentensi, halafu mwalimu atabaki na maana. Prof aliuliza kama mashine nayo italipwa mshahara wa mwalimu wa Kongo, yaani ahadi. Walicheka, wakafikiri ni utani. Bunduki zilipofika waliondoka wa kwanza, na programu ikabaki ndani ya simu za watu kama kikombe kilichosahauliwa na mgeni.

Prof ndiye aliyeipa jina la Inspekteri. Kila aliyesoma shule ya Kongo anamkumbuka inspekteri: akitangazwa kufika, walimu hufagia, wazazi hukamata kuku. “Huyu njo inspekteri wa kwanza mu inchi hii asiyeomba kuku,” Prof aliwaambia darasani. Mwanzoni alimchukia. Baadaye akamwachia mlango, kwa sababu wanafunzi walikuwa wengi na macho yake yalikuwa yanachoka kuandika kosa lile lile chini ya kila karatasi. Wacha afagie, alisema. Mimi nitaingia nyumba ikiwa imeshafagiwa. Tangu hapo kila karatasi ilipita kwanza kwa Inspekteri, na ikifika kwa Prof ikiwa kijani, yeye aliisoma kutafuta jambo moja tu: je, huyu mtu amesema alichotaka kusema?

Siku zile darasa lilikuwa na kelele. Kulikuwa na Delphin, mwendesha pikipiki aliyezoea barabara ya Kamituga, ambaye aliandika jinsi alivyoendesha. “Delphin, ukurasa yako iko sawa na meza ya nyanya mu soko ya Kadutu,” Prof alimwambia siku moja. “Prof, nyanya njo inauzishwa,” Delphin alijibu. “Kijani nani anakula?” Watu wakacheka mpaka padre akachungulia dirishani.

Sasa Delphin hakuja tena, na wengine hawakuja. Walikuwa Uvira, Bujumbura, kambini, Kampala. Waliendelea kutuma karatasi zao kwa simu, mtandao ukikubali, na Prof akaendelea kuwajibu kwa sauti, mmoja mmoja, akitembea huku na huku katikati ya mabenchi matupu na simu mbele ya mdomo. Ukipita nje ungedhani darasa limejaa. Waliofika kwa miguu walibaki wachache, na mara nyingi alikuwa Séraphine tu. Walikaa wawili, yeye benchi la mbele, Prof karibu na ubao, wakisikiliza mvua ikipiga mabati, na hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za nyumbani kwa sababu jibu lilijulikana.

Wiki kwa wiki ripoti zake zilinyooka. Inspekteri alimpa kijani tupu. Prof alizisoma kwa sauti, akaitikia kwa kichwa. Kwa wengine alikuwa mkali kama pilipili, lakini ripoti za Séraphine zilimnyamazisha. Siku moja alimrudishia karatasi akamwambia kwamba hana cha kuongeza, kwamba amemwona yule mama mbele ya macho yake mwenyewe. Séraphine alirudi nyumbani akiwa na sifa mbili, ya mashine na ya mtu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akaanza kupanga nguo zake.

Ijumaa, matroni alitokea kwenye kioo: mwanamke mnene mwenye miwani, sauti ya taratibu, nyuma yake pazia jeupe. Alimsalimu vizuri. Kisha akamsomea mgonjwa. Mwanamke amejifungua mtoto wa tano saa kumi, kondo la nyuma limetoka lote, lakini damu haisimami. Mapigo yanakimbia, presha inashuka, mikono inapoa. Zamu inaisha. Andika.

Séraphine aliandika bila woga. Wanawake wa namna hiyo alikuwa amewashika kwa mikono yake, wengine wakabaki, wengine wakaenda. Alipomaliza aliinua karatasi mbele ya kamera, kisha akaipiga picha akaituma. Matroni aliisoma kimya. Halafu akasoma kwa sauti mistari ya juu, ambayo kwa Kiingereza ilisema hivi: mama amechoka kidogo tangu alipojifungua, damu bado inatoka kidogo, tunamwangalia, na daktari ameombwa apite amsalimie. Chini yake zilifuata nambari za presha na mapigo, zote sahihi.

“Kiingereza chako hakina kosa hata moja,” matroni alisema. “Lakini ningeingia zamu nikasoma hivi, ningekwenda kwanza kunywa chai. Nambari zako zinapiga kelele na maneno yako yamelala. Hukuona kwamba huyu mama anakufa?”

Séraphine alitaka kubisha. Aliona. Tena aliandika. Mbona aliandika, ilikuwa pale pale mstari wa kwanza. Lakini alipotazama karatasi yake ili amwonyeshe, hakuona pa kuweka kidole, na Kiingereza chote kilimtoka kichwani kama maji ya ungo. Matroni alingoja, kisha akasema kwa upole ambao uliuma kuliko tusi kwamba atampa mgonjwa mwingine Jumanne. Baada ya hapo atamchukua mtu mwingine. Wodi haiwezi kungoja.

Alishuka mpaka parokia akiwa amevaa vazi lake la kazi. Prof alikuwa katikati ya kumwambia mtu wa Bujumbura jambo fulani kwenye simu. Alipomwona uso, alikata. Séraphine alimpa karatasi, akamweleza maneno ya matroni yote, bila kujionea huruma. Prof aliisoma ripoti, na alipoinua kichwa alikuwa amekasirika kweli.

“Huyu matroni hajue kusoma?” alisema. “Hii mama iko mubaya sana. Haifike asubui. Iko wazi.”

“Wazi wapi, Prof? Unionyeshe na kidole.”

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, pale paliposema mama amechoka kidogo. Kidole kikakaa pale. Alikitazama mwenyewe kama kidole cha mtu mwingine. Alikisogeza mpaka paliposema daktari apite amsalimie, kikasimama tena.

Kwa hasira tu, kwa kutaka kupata wa kumcheka, alimwambia Séraphine awashe simu. Waliandika yale maneno peke yake, bila nambari. Yakatoka kijani yote. “Sasa umuulize ameelewa nini,” Prof alisema. “Asisahihishe kitu. Aseme ile alisikia, tuone bujinga yake.” Hawakuwahi kumuuliza Inspekteri swali hilo, walimtumia kama fagio, na fagio haliulizwi maoni. Séraphine aliandika swali. Jibu lilikuja kabla Prof hajamaliza kuvuta benchi: kwamba mama huyu anaendelea vizuri baada ya kujifungua, ana uchovu mdogo ambao ni wa kawaida, anahitaji kupumzika, na hakuna dalili ya haraka.

Prof aliliacha benchi katikati ya ukumbi.

Hapa kwetu kifo hakitajwi jina mlangoni. Pascal, mume wa Séraphine, alipofunikwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu kule Kamituga, walimpigia simu wakamwambia: Papa Gisèle hajisikie muzuri kidogo, kuya. Hakuuliza kidogo namna gani. Aliweka simu chini, akavua herini zake, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kumwomba jirani awatazame watoto. Aliyepiga alijua amesema, na aliyesikia alijua amesikia. Ndivyo tulivyolelewa: neno baya hufunikwa kama chakula cha mgeni, na mwenye nyumba ndiye hufunua. Mkunga naye hulelewa hivyo hivyo mara ya pili. Maman Françoise, aliyemfundisha Séraphine kazi, alimpiga kofi mkononi siku alipomwambia mama mmoja kwamba hali yake ni mbaya. Kinywa cha mkunga ni mlango, alimwambia; ukiuacha wazi, kile unachokitaja kitaingia. Hata Kifaransa kiliwapa pazia: waliandika vifupisho na maneno ya shule, hali hairidhishi, hali imebadilika, na kila mtu wodini akajua mbio gani za kukimbia.

“Mi nilisoma hii nikaona kaburi,” Prof alisema. “Yeye amesoma akaona kitanda. Ile matroni pia ameona kitanda.” Alitoa miwani yake akaifuta na shati, ingawa haikuwa na kitu. “Maman Gisèle, unaelewa? Inspekteri alikuachilia sababu hatujue sisi. Mi nilikuachilia juu ninakujua sana. Kukuelewa kwangu njo kumekuangusha.”

Séraphine alifikiri juu ya asubuhi zote zile za sifa, chai na moshi wa makala, na yeye amekaa akiamini kwamba kuna mtu anamsikia.

Walifanya kazi Jumamosi na Jumapili baada ya misa. Hawakumtupa Inspekteri, na Prof hakujiuzulu. Waligeuza tu kazi zao. Séraphine aliandika ripoti, akamwomba Inspekteri aseme alichoelewa, yeye mgeni asiyejua mtu wala mji. Kisha Prof, bila kuona jibu hilo, aliandika ubaoni kile alichoelewa yeye, mzaliwa wa wilaya ya Walungu, jirani na mji. Halafu wakayaweka pamoja. Pale mgeni na mwenyeji waliposikia jambo moja, waliacha. Pale waliposikia mawili, Séraphine alirudi kuandika. Kazi ilikuwa ya kuchosha, na mara nyingine ya kuchekesha: ripoti moja ilisema jamaa wameambiwa wakae karibu, Prof akaandika ubaoni kwamba padre aitwe, na Inspekteri akapendekeza wapewe ratiba ya saa za kutembelea wagonjwa. Prof alicheka mpaka akakohoa, sauti yake ikamrudia kama ndani ya nyumba isiyo na watu.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo wote wawili hawakuweza kumsaidia. Maneno aliyajua. Yalikuwa maneno mafupi ya Kiingereza, ya mwaka wa kwanza, hata Delphin angeyaandika. Kalamu ilifika kwenye “mama huyu anaweza”, ikasimama. Alijaribu tena, ikasimama pale pale. Prof alimwambia ni karatasi tu. Alimwambia mama wa mfano hana hata jina. Séraphine alisema anajua, na mkono wake ukabaki juu ya karatasi kama mkono wa mtu aliyezuiwa mlangoni.

Jumapili jioni alirudi nyumbani, akapika bugali yake ya watu watatu, akala mbele ya mlango. Akakumbuka mwaka wa elfu mbili na nne, Juni, risasi zikiruka juu ya mji, naye akiwa mkunga mgeni kabisa. Aliingia zamu peke yake. Mkubwa wake alikuwa ameshakimbia kwenda kuwatafuta watoto wake, na nani angemlaumu. Juu ya meza palikuwa na fishi tatu. Ya kitanda cha dirishani ilisema kwa Kifaransa kizuri kwamba hali haijabadilika sana. Alianza na kitanda cha mlangoni. Alipofika dirishani, yule mama alikuwa amegeuza uso ukutani na shuka limelowa mpaka chini. Miaka yote hiyo Séraphine aliwakasirikia wenye risasi, nao wanastahili, hasira hiyo haitozwi ushuru. Ila jioni ile, na kuku wa jirani wakimzunguka miguuni, alijiona tena alivyokuwa amesimama katikati ya vile vitanda, msichana, hakuna wa kumuuliza, na karatasi mkononi ambayo ilikuwa na adabu nyingi mno.

Fishi ile haikuandikwa kwa ajili ya mama wala ndugu zake. Mama hasomi fishi yake. Fishi husomwa na mtu mmoja anayeingia peke yake.

Jumanne matroni alivaa miwani ile ile. Mgonjwa wa safari hii alikuwa msichana wa mimba ya kwanza, amejifungua salama, kisha kichwa kikamuuma, macho yakaona ukungu, presha ikapanda isishuke, na degedege likaja mara moja likaondoka. Amelala sasa. Zamu inaisha. Andika.

Séraphine alishika kalamu. Hakumfikiria yule msichana. Alimfikiria mkunga wa Kampala asiyemjua, anayepanda ngazi na mwavuli uliolowa, anayesukuma mlango wa wodi na kukuta wenzake wameshaondoka. Akaandika mstari wa juu kabla ya kitu kingine chochote: huyu anaweza kufa usiku huu, usiondoke karibu naye hata kama amelala. Herufi zikalala upande kama nyasi. Kisha akaandika dawa aliyopewa, na saa, na nambari, na nani aitwe, na aitwe sasa. Alipoinua karatasi alihisi baridi, kana kwamba amefungua mlango na kitu kimepita kando ya bega lake kikaingia.

Matroni alisoma. Aliposema, alikuwa ameshaanza kuangalia kitu kingine kwenye meza yake, kalenda labda.

“Kuna kosa katika mstari wa tatu,” alisema. “Nitakuonyesha ukifika. Unaweza kuanza mwanzo wa mwezi?”

Séraphine alisema anaweza. Kioo kikazimika. Alimpigia Carine, simu haikupatikana. Watoto walikuwa darasani. Alikaa na furaha yake mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hakuna aliyekuja kumpokea. Alifungua ile programu bila kujua kwa nini; iliuliza leo angependa kuandika nini. Akaifunga. Akajifunga kitenge juu ya vazi la kazi, akashuka parokiani.

Njiani aliandaa maneno. Tangu Februari hakuna mtu wa mji huu aliyeaga. Delphin alisema anafika Uvira kuona pikipiki. Jirani alisema anapeleka mama yake kwa daktari, atarudi keshokutwa. Aliyekuwa mwalimu wa hesabu wa parokia alisema anatembea kidogo. Waliobaki waliwaitikia, haya, safari njema, musikawie, wakajua, na jioni wakaona kufuli. Prof alikuwa ameitikia wengi namna hiyo. Séraphine naye alikuwa na yake tayari mdomoni: Prof, ninafika kusalimia batoto.

Prof alikuwa anafuta ubao. Ukumbi ulinuka chaki na mvua. Alipomsikia aligeuka, na kwa namna alivyosimama alikuwa ameshajua upande wa kwanza wa habari.

“Amenikubali,” Séraphine alisema. “Ninaenda mwanzo wa mwezi. Prof, mi sitarudi.”

Prof alingoja aongeze kitu cha kulifunika neno hilo. Alimpa nafasi ya kukiongeza. Alikunja kitambaa cha ubao, akakiweka, akakipanga. Séraphine hakuongeza. Mushagalusa aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayehesabu viti baada ya mkutano, kisha akafanya jambo ambalo Séraphine hakulitarajia: akapiga meza na kiganja, kwa ukali wake wa zamani.

“Basi ukae,” alisema. “Saa ya darasa haijaisha.”

Akaokota chaki. Akaandika tarehe upande wa kushoto, kwa herufi kubwa za kuonekana mpaka nyuma, akapiga mstari chini yake. Akageukia mabenchi, akayatazama moja moja mpaka mwisho wa ukumbi, akauliza kwa Kiingereza nani atasoma wa kwanza.

Séraphine akainua mkono.